Habari Imekimbia: Namna ya Kusoma kwa Utulivu Makala Unazozikuta Mitandaoni

Baba yangu analima mahindi Korogwe. Msimu mmoja alikuta kwenye mtandao wa kijamii makala ndefu kuhusu viwavijeshi vamizi, wale wadudu walioonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Akaigusa, ikafunguka, akaanza kusoma. Alipofika aya ya nne, pale mwandishi alipokuwa anaanza kueleza namna ya kukagua mimea, tangazo likapanda kutoka chini ya skrini likaziba nusu ya maandishi. Akagusa alama ya kufunga. Kilichofungika ni makala yenyewe, na mara akajikuta amerudi kwenye picha za harusi na video za vichekesho. Akapandisha, akateremsha, wapi. Jioni akanipigia. Nilipokwisha kumwamkia akaniambia, "Mwanangu, ile habari imekimbia."

Sentensi hiyo sijaisahau. Mzee ana hamu ya kusoma, ana shida shambani inayohitaji jibu, jibu limeandikwa kwa lugha yake, na bado linamponyoka mkononi. Nilikwenda Korogwe wiki iliyofuata, tukakaa na simu yake barazani. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na machache niliyojifunza baadaye kwenye simu yangu. Hakuna kitu cha kununua. Matayarisho yanachukua kama nusu saa, tena mara moja tu. Baada ya hapo kila makala inakudai sekunde chache.

Kwanza, ujue umekaa barazani kwa nani

Ukigusa kiungo ndani ya Facebook, Instagram au TikTok, kwa kawaida hutoki nje ya programu hiyo. Inakufungulia kivinjari kidogo, yaani kifungua kurasa za mtandao, kilichomo ndani yake. Ukurasa unaouona ni wa gazeti, lakini dirisha unalochungulia ni la programu. Ndiyo maana kitufe cha kurudi kinakurudisha kwenye machapisho, na ukirudi unakuta machapisho yamekwisha kujipanga upya na lile lenye kiungo halipo tena pale ulipoliacha. Ndiyo maana pia gazeti unalolilipia linakudai nywila upya: kivinjari cha ndani hakina habari kwamba ulikwisha kuingia kwenye Chrome au Safari.

Kuna jambo jingine linalofaa kujulikana. Agosti 2022 mtafiti wa usalama wa programu, Felix Krause, alionyesha kwamba vivinjari vya ndani vya Facebook na Instagram kwenye iPhone huingiza msimbo wao, yaani maagizo ya kompyuta, katika kurasa za watu wengine unazozifungua humo, na kwamba msimbo wa TikTok ulikuwa na uwezo wa kufuatilia herufi unazoandika. TikTok walikiri kwamba msimbo huo upo, wakasema unatumika kurekebisha hitilafu na kupima utendaji tu. Mimi sina la kuongeza hapo, ila nimejiwekea kanuni: ndani ya vivinjari hivyo siandiki nywila wala namba ya kadi.

Si kila programu iko hivyo. WhatsApp hukutoa nje moja kwa moja hadi kwenye kivinjari cha simu yako. Programu nyingine za Android hufungua kile ambacho Google walikianzisha mwaka 2015, yaani kipande cha Chrome kilichovaa rangi za programu husika. Hicho ni kivinjari chako kweli, na kinakumbuka ulikokwisha kuingia. Utakitambua ukigusa nukta tatu pembeni: menyu inakuwa na maneno "Running in Chrome". Kwenye iPhone, ukiona alama ya dira chini ya ukurasa, humo ni Safari, na ukiigusa dira makala inahamia kwenye Safari kamili. Usipoona dalili yoyote kati ya hizi, hesabu kwamba bado uko barazani kwa mwenye programu.

Hatua ya 1: Chagua kivinjari cha kusomea

Kabla hujahamisha makala, ujue unaipeleka wapi. Kivinjari kizuri cha kusomea ni kile chenye hali ya kusoma, yaani kitufe kinachoubakizia ukurasa kichwa cha habari, maandishi na picha za makala, kikaondoa yaliyobaki yote.

Kwenye iPhone huna haja ya kutafuta, Safari inatosha. Ilikuwa na kitufe hicho kwenye kompyuta tangu Juni 2010, na kwenye simu kikafuata mwaka 2011. Kwenye Android mimi napendekeza Firefox. Kitufe chake cha kusoma kiko wazi, na inakubali kuongezewa kizuia-matangazo cha uBlock Origin, ambacho Chrome ya simu haikipokei. Wenye simu za Samsung wanacho kivinjari cha Samsung Internet, nacho kina hali ya kusoma iliyo nzuri kabisa. Ukitaka kubaki na Chrome, baki nayo, lakini jiandae kutafuta kidogo: gusa nukta tatu uangalie kama kuna "Reading mode", ukiikosa, ingia Settings, kisha Accessibility, uwashe swichi ya "Simplified view".

Ukishachagua, ifanye simu ijue. Kwenye Android ingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, halafu programu chaguo-msingi, na upande wa kivinjari uweke ulichokichagua. iPhone nazo huruhusu kubadili kivinjari chaguo-msingi tangu toleo la iOS 14 la mwaka 2020. Usiiruke hatua hii. Baba alikuwa na Firefox kwa siku mbili nzima, na viungo vyote vya WhatsApp vikawa bado vinakwenda kwingine kwa sababu nilisahau swichi hiyo moja.

Hatua ya 2: Itoe makala nje

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu kila programu imeuficha mlango wake mahali pake.

Facebook wana swichi ya kudumu. Gusa mistari mitatu, ingia Settings & privacy, kisha Settings, ushuke hadi sehemu ya Media; kwenye simu nyingine sehemu hiyo inaitwa Browser. Humo kuna swichi ya kufungua viungo nje ya programu. Iwashe mara moja, na kuanzia hapo makala zitafunguka kwenye kivinjari chako. X (zamani Twitter) kwenye Android nayo ina swichi yake: Settings and privacy, kisha sehemu ya Accessibility, display and languages, kisha Display, na hapo ondoa alama kwenye "Use in-app browser". Telegram ya Android imeiweka kwenye mipangilio ya mazungumzo, Chat Settings, chini ya jina la In-App Browser. LinkedIn pia wana swichi ya namna hiyo ndani ya mipangilio ya akaunti.

Instagram na TikTok zinakutaka utoke kila mara. Makala ikishafunguka ndani, tafuta nukta tatu juu pembeni, uchague neno la kufungua kwenye kivinjari. Fanya hivyo mapema, kabla hujasoma hata mstari mmoja. Ukisubiri hadi katikati utahamia nje na kuanza tena juu, kisha utachoka kutafuta ulipofika.

Nukta tatu zikikukatalia, nakili kiungo. Chaguo la kunakili huwa kwenye menyu hiyohiyo au kwenye kitufe cha kushiriki. Ukikibandika kwenye kivinjari utaona anwani imerefuka kupita kiasi: baada ya alama ya kuuliza kuna mlolongo wa herufi unaoanza na fbclid, igsh au utm. Hizo ni alama za kufuatilia kiungo kimetoka wapi, na zile za fbclid zilianza kuonekana mwaka 2018. Makala haizihitaji, kwa hiyo unaweza kufuta kuanzia kwenye alama ya kuuliza hadi mwisho. Angalizo ni moja: tovuti chache huweka namba ya makala baada ya alama hiyo, mfano ?id= au ?p=. Sehemu ya namna hiyo iache, vinginevyo utaletewa ukurasa wa mwanzo.

Na kuna njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haimpi mtu kazi ya kujifunza kitu kipya: jitumie kiungo WhatsApp. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 WhatsApp inakuruhusu kufungua mazungumzo na namba yako mwenyewe. Ukiona makala popote, gusa kushiriki, chagua WhatsApp, jichague wewe. Usiifungue saa hiyo. Endelea na ulichokuwa unafanya, na jioni ukitulia fungua mazungumzo yako mwenyewe, gusa kiungo, utatoka moja kwa moja hadi kwenye kivinjari ulichokichagua katika hatua ya kwanza. Baba anatumia njia hii tu. Zile swichi nyingine hazikumbuki hata moja, na wala hazimsumbui.

Katika njia hii kuna faida ambayo sikuitegemea. Kuperuzi na kusoma ni kazi mbili zenye mwendo tofauti. Anayeperuzi macho yake yanaruka, kidole kinasukuma, akili iko tayari kuacha kila kitu kwa ajili ya kinachofuata. Ukiifungua makala ya maneno elfu tatu ukiwa katika mwendo huo, utaisoma kwa mwendo huohuo. Zikipita saa mbili tatu kati ya kuikuta na kuisoma, unaifikia umetulia. Na nusu ya viungo ninavyojitumia, jioni ikifika naviona havikuwa na maana, navifuta bila kuvifungua.

Hatua ya 3: Kagua kwanza, halafu usafishe

Makala imefunguka kwenye kivinjari. Kabla hujagusa kitufe cha kusoma, angalia mambo matatu kwenye ukurasa ukiwa bado haujasafishwa: anwani ya tovuti, jina la mwandishi, na tarehe. Nasisitiza hapa kwa sababu hali ya kusoma wakati mwingine huitupa tarehe pamoja na matangazo, na hapo habari ya miaka mitano iliyopita inakuwa na sura ileile ya habari ya leo asubuhi. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp habari za zamani huzunguka kila mara, hasa za magonjwa, bei za mazao na ajira. Ukisafisha kwanza unaweza kupoteza kitu pekee kilichokuwa kikuonye.

Ukisharidhika, gusa kitufe. Kwenye Safari ni alama iliyo kando ya anwani. Iguse uchague "Show Reader", au ibonyeze bila kuachia, nayo itakupeleka moja kwa moja. Firefox na Samsung Internet huonyesha alama ya ukurasa wenye mistari kwenye upau wa anwani. Usipoiona hapo, angalia ndani ya menyu. Usiwe na haraka ya kuigusa. Acha ukurasa umalize kufunguka, teremka hadi chini mara moja ili picha zote zipakie, ndipo urudi juu na kuigusa. Ukigusa mapema mno unaweza kukosa picha, na makala nyingine hukatika katikati.

Inafaa kujua kitufe hiki kinafikiri vipi, maana ukielewa hutashangaa siku kikikataa. Chanzo chake ni kazi iliyotolewa mwaka 2009 na kampuni moja ya New York, Arc90, iliyoitwa Readability. Apple waliutumia msimbo huo kwenye Safari, na Firefox hadi leo wanatumia uzao wake. Inatazama ukurasa na kuupa kila mkusanyiko wa aya alama, kama za mtihani. Aya ndefu inapata alama. Kila mkato (,) ndani ya sentensi unaongeza alama, kwa kuwa mikato huonekana kwenye maandishi ya kusomwa na haionekani sana kwenye menyu na vitufe. Sehemu iliyojaa viungo inapunguziwa. Sehemu ambayo ndani ya msimbo wa tovuti imepewa jina linalofanana na ubavu, maoni au mguu wa ukurasa inapunguziwa pia. Mwisho wa hesabu, sehemu yenye alama nyingi ndiyo makala, na yaliyobaki yanafichwa.

Kwa hiyo hakijui habari muhimu ni ipi. Kinajua umbo tu. Jedwali la bei za mahindi kwa mikoa linaweza kutoweka. Ramani, grafu na matokeo ya uchaguzi yanayobadilika papo hapo mara nyingi hayabaki. Ukikuta mwandishi anasema "kama jedwali linavyoonyesha" na jedwali hulioni, toka kwenye hali ya kusoma, ulitazame, kisha urudi.

Hatua ya 4: Herufi ziwe za macho yako

Ndani ya hali ya kusoma kuna alama ya herufi A inayokupa ukubwa wa maandishi, rangi ya nyuma na aina ya mwandiko. Watu wengi hawaigusi kabisa, nami nadhani wanajinyima.

Kuza herufi hadi usome bila kukunja uso, simu ikiwa mbali na macho kama urefu wa mkono uliokunjwa. Kama mstari mmoja umebaki na maneno matatu tu, umezidisha. Geuza simu ilale, au punguza kidogo. Kuhusu rangi, mchana wa jua, hasa kama unasoma uani au kituoni, weupe wa nyuma na weusi wa herufi ndio unaoonekana. Usiku chagua ile rangi ya karatasi ya zamani, ya kahawia hafifu. Nyeusi yenye herufi nyeupe mimi hunichosha kwenye makala ndefu, ila wapo wanaoipenda, na hili ni la macho ya kila mtu.

Kivinjari hukumbuka mpangilio huu, hutarudia. Kwenye Safari unaweza pia kuagiza tovuti fulani ifunguke katika hali ya kusoma kila mara, kupitia mipangilio ya tovuti hiyo kwenye menyu ileile ya anwani. Nimefanya hivyo kwa magazeti mawili ninayoyasoma kila siku.

Hatua ya 5: Zima data

Ni hatua fupi, na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Makala ikishafunguka, ukaiweka katika hali ya kusoma na picha zimeonekana, zima data na Wi-Fi. Makala haiendi popote, imekwisha kuingia kwenye simu. Kinachokosa njia ni ujumbe wa kundi la ukoo, arifa za mpira na tangazo la kukopa. Kama unasubiri simu ya mtu, usiwashe hali ya ndege, zima data tu, simu za kawaida zitaingia. Kama data lazima iwake kwa sababu ya kazi, tumia ile hali ya kutosumbuliwa na uruhusu namba za watu wa nyumbani pekee.

Nikiwa kwenye habari ya data, kuna makosa mawili ninayoyasikia mara kwa mara. Wapo wanaoamini kwamba hali ya kusoma inapunguza matumizi ya bando. Inapunguza kidogo sana, kwa kuwa ukurasa hupakuliwa kwanza pamoja na matangazo yake, kisha ndipo husafishwa. Kinachookoa MB ni kizuia-matangazo, kwani chenyewe huzuia kabla hazijapakuliwa. Kosa la pili ni la mabando ya mitandao ya kijamii. Bando la namna hiyo linakupa programu zilizotajwa humo. Makala inatoka kwenye seva, yaani kompyuta, ya gazeti, hata kama uliigusia ndani ya Facebook, kwa hiyo itakula salio la kawaida au itakataa kufunguka. Kama bando lako ni la aina hiyo, jitumie viungo tu mchana, uvifungue vyote kwa pamoja ukifika kwenye Wi-Fi au ukinunua bando kamili.

Hatua ya 6: Kuweka akiba

Baadhi ya makala zinafaa kurudiwa. Ile ya viwavijeshi ni mojawapo, maana mtu huihitaji tena msimu ujao, akiwa shambani kusiko na mtandao.

Kwenye iPhone, gusa kushiriki kisha "Add to Reading List", na kwenye mipangilio ya Safari uwashe swichi ya kuhifadhi makala hizo zisomeke bila mtandao. Kwenye Chrome ya Android, menyu ya nukta tatu ina mshale unaoelekea chini, ukiugusa ukurasa unahifadhiwa kwenye simu. Kwenye Firefox, ndani ya kushiriki kuna kuhifadhi kama PDF. Zipo pia huduma maalumu za kazi hii. Instapaper ipo tangu 2008 na ina sehemu ya bure inayotosha.

Mimi kwa makala zenye uzito nachagua PDF, na sababu ni hii. Huduma mashuhuri kuliko zote ya kuweka makala ilikuwa Pocket. Ilianza 2007 kwa jina la Read It Later, Mozilla, wenye Firefox, wakainunua 2017, na tarehe 8 Julai 2025 wakaifunga. Omnivore, huduma nyingine ya namna hiyo, ilikuwa imekwisha kufungwa Novemba 2024. Watu walipewa muda wa kuchukua viungo vyao, lakini kiungo hakikufai kitu kama gazeti lenyewe limeondoa makala. Faili la PDF lililo kwenye simu yako na nakala yake kwenye kadi ya kumbukumbu halimtegemei mtu. Lipe jina linaloeleweka, mfano viwavijeshi-mahindi, ili ulitafute kwa neno moja.

Kitufe kikikataa

Kuna kurasa ambazo alama ya kusoma haitokei kabisa. Ukurasa mfupi mno haupati alama za kutosha. Ukurasa wa mwanzo wa gazeti umejaa viungo, hauna makala. Na kuna tovuti zinazoandika kila sentensi kama aya yake, na katikati ya kila mbili zinaweka tangazo, hizo hukichanganya kitufe. Jaribu kuufungua upya ukurasa huo, au kuufungua kwenye kivinjari cha pili. Kwenye iPhone zenye iOS 18 kuendelea, Safari ina "Hide Distracting Items": unagusa kitu kinachokukera kwenye ukurasa, kinayeyuka, unagusa kingine. Kwa matangazo yanayobadilika kila mara haisaidii sana, lakini kwa ukanda unaoziba maandishi inatosha.

Makala ikigawanywa katika kurasa tatu nne, hali ya kusoma kwa kawaida itakupa ukurasa wa kwanza tu. Shuka hadi mwisho uhakikishe kwamba imeisha kweli. Mara nyingi nimekuta watu wanabishana juu ya makala ambayo hawakufika nusu yake, na hawakujua kwamba kuna nusu nyingine.

Na makala ya kulipia itabaki ya kulipia. Hali ya kusoma haikuundwa kwa ajili ya kuruka ukuta huo. Kama gazeti fulani unalisoma kila wiki na uwezo unao, lilipie. Waandishi wanaokwenda mashambani kuuliza maswali wanakula kwa kazi hiyo, na sisi tunaozuia matangazo tunawapunguzia njia moja ya kupata riziki. Mimi nimekiondoa kizuizi kwenye tovuti za magazeti ninayoyathamini ambayo matangazo yao hayazibi maandishi.

Ukimwekea mzazi

Ukifanya haya kwenye simu ya mzee, usimfundishe yote. Weka kivinjari chaguo-msingi wewe, kuza herufi wewe, weka kizuia-matangazo wewe. Mfundishe vitu viwili: kujitumia kiungo WhatsApp, na alama moja ya kugusa makala ikifunguka. Baba nilimwonyesha alama ile nikamwambia ni karatasi yenye mistari, akaigusa mwenyewe mara tano kwa makala tano tofauti huku mimi nikiwa nimeikunja mikono yangu. Mara ya sita hakuniuliza.

Kama vidole vinagusa visivyokusudiwa, na vya wazee wengi hugusa, kuna kufuli linalofaa sana. Android ina App pinning kwenye sehemu ya usalama ya mipangilio: ukiibandika Firefox, mtu hawezi kutoka humo kwa bahati mbaya hadi afanye ishara maalumu. iPhone ina Guided Access ndani ya Accessibility, unaiwasha kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu. Mwonyeshe kutoka kabla hujamwonyesha kuingia, asije akadhani simu imeharibika.

Macho yakiwa hayasomi tena vizuri hata kwa herufi kubwa, Android ina Select to Speak, unagusa maandishi yanasomwa kwa sauti, na sauti ya Google ya Kiswahili ipo. Inasoma kwa mkazo wa kigeni kidogo na namba inazikosea mara nyingine, lakini ikisomea kwenye ukurasa uliokwisha kusafishwa haisomi matangazo, na mzee anafuata habari hadi mwisho.

Jambo la mwisho ni la kufanya kila programu inapojisasisha. Swichi za hatua ya pili wakati mwingine huhamishwa sehemu au hurudi zilivyokuwa mwanzo. Chukua kiungo kimoja unachokijua, kiguse ndani ya programu hiyo, uone kinafungukia wapi. Kikifungukia ndani, rudi kwenye mipangilio. Mimi humfanyia Baba jaribio hilo kila ninapokwenda Korogwe, na mara ya mwisho nilikuta ameshalifanya mwenyewe. Kwenye simu yake kulikuwa na faili nne za PDF, moja ameiita "mahindi usifute".